Mtani wa Hewani

Ruthu Mazengo alianza kuzungumza na watu asiowaona akiwa na umri wa miaka ishirini na moja. Wakati huo alikuwa mpokea simu katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, ameketi mbele ya ubao wa matundu na nyaya, akiwaunganisha wakubwa na wilaya zao. Aliwajua watu kwa pumzi. Alijua nani amelewa, nani ametoka kugombana na mkewe, nani anasoma karatasi huku akijifanya anasema ya moyoni. Siku moja baba yake, mkulima wa uwele kule Hombolo, alikuja kumtazama kazini. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akamsikiliza bintiye akisema na Mpwapwa, na Kondoa, na Manyoni, mpaka akachoka kusimama. Alimwambia kwamba hiyo ni kazi ya mtu wa kuaminiwa, maana anayekusikia hakuoni uso.

Mwaka wa tisini na mbili walikuja watu wa kupunguza wafanyakazi. Walikuwa na orodha, na jina la Ruthu lilikuwamo. Alirudi nyumbani Nzuguni na kiinua mgongo kilichotosha bati za chumba kimoja, na mtoto mmoja wa kike, Debora, aliyekuwa darasa la saba. Kwa miezi minane aliuza vitumbua. Alikuwa hajui kuuza. Aliwasikiliza wateja zaidi kuliko alivyowahudumia.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilichokuwa cha serikali peke yake kilianza kuwa cha mtu yeyote mwenye nacho. Mahindi ya Kibaya, yaliyokuwa yakinunuliwa na chama kimoja tu, sasa yalinunuliwa na wafanyabiashara waliotoka Arusha na Dar es Salaam wakiwa na haraka. Watu wenye haraka wanahitaji ndege. Bwana mmoja aliyeitwa Abbasi alinunua ndege mbili ndogo zilizokwisha kuchoka kwa watu wengine, akakwangua kiwanja cha vumbi mbele ya Nzuguni, akaweka kontena, akalitoboa madirisha, akasimamisha mlingoti wa redio. Kisha akaulizia ni nani anayejua kusema na redio. Akaelekezwa kwa muuza vitumbua.

Ndani ya kontena walikuwa wawili. Joha, mama wa Kikondoa mwenye watoto wanne na kicheko cha kupasua chupa, alikata tiketi. Ruthu alikaa na redio na kitabu kikubwa chenye mistari, ambamo kila neno lililosemwa na ndege lilipaswa kuandikwa pamoja na saa yake. Na hewani, siku tano kwa wiki, alikuwamo Kapteni Ludovick.

Ludovick alikuwa Mhehe wa Iringa. Alipokuja kujitambulisha siku ya kwanza, alimtazama Ruthu juu mpaka chini, akauliza, "Huyu Mgogo ndiye mliyempata? Redio ataiweza, au atainyooshea mkono aiombe senti?"

Ruthu hakuinua macho kitabuni. "Joha, funga mlango. Mbwa wa jirani wasije wakaonekana na huyu mla mbwa."

Ikawa basi. Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi za babu waliopigana wakachoka kupigana, Mgogo akiitwa ombaomba na Mhehe mla mbwa, na kila mtu katika sehemu hizi anajua maana yake. Mtani hukutukana mbele ya watoto wako ukacheka. Huingia jikoni akafunua sufuria. Mambo ambayo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu kukuambia, mtani hukuambia akiwa anatafuna chakula chako. Lakini siku ya msiba ndiye anayekuja bila kuitwa, na ndivyo ilivyokuwa baba yake Ruthu alipofariki mwaka wa tisini na tatu. Ludovick aliendesha gari dogo la kampuni mpaka Hombolo, akashuka kaburini na viatu vyake vya urubani, akalala chali, akagoma kutoka. "Huyu mzee alikuwa mchoyo," alipiga kelele kutoka chini. "Nipeni kuku wangu au mzikeni juu ya mti!" Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Ruthu aliwaambia watu baadaye kwamba siku ile hakumbuki mahubiri wala nyimbo. Alikumbuka soli za viatu vya Ludovick.

Hewani nako walitaniana. Hapo mwanzo Ruthu aliandika kila kitu, hata matusi, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa. Abbasi alifungua kitabu siku moja, akasoma ukurasa mzima, akakuna kidevu.

"Mama Debora, hiki kitabu cha ndege au cha ngoma?"

"Umesema niandike kila neno, bosi."

"Andika ya kazi. Haya ya mbwa acha yaende na upepo."

Basi Ruthu akajifunza kutenganisha. Neno la kazi aliliandika. Utani ulikwenda na upepo. Na jambo likiwa kubwa alilisema mara mbili: kwanza kwa lugha ya utani, ili Ludovick aamke, kwa maana rubani anayeruka njia moja kila siku husinzia macho wazi, kisha kwa lugha ya kazi, polepole, na hapo ndipo kalamu iliposhuka kitabuni. Hakuna aliyewafundisha utaratibu huo. Uliota wenyewe kati yao.

Mwezi wa tisa mwaka wa tisini na nne alikuja Mwingereza mmoja mwembamba, mwalimu mstaafu aliyeitwa Henry, pamoja na wenzake watatu na sanduku refu kama jeneza la twiga, lililovutwa na lori. Ndani yake mlikuwa na glaida, ndege isiyo na injini. Walikwenda kupiga kambi upande wa Hombolo. Henry alisema amezunguka dunia akitafuta hewa ya moto inayopanda juu, na hajaona hewa ya namna ile ya kiangazi cha Ugogo. Asubuhi walisubiri. Ardhi ikishapata moto, lori lilivuta kamba ndefu, glaida ikainuka kama tiara, ikaachia kamba, kisha ikatafuta tai walipokuwa wakizunguka, ikazunguka nao. Watoto waliiita ndege bubu. Wazee wa Hombolo hawakupenda kitu kinachopita juu ya vichwa vyao bila kutoa sauti, lakini Henry aliwasalimu vizuri, tena kwa Kigogo cha kubabaisha, wakamwacha.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Redio ya Henry ilikuwa ndogo, haikusikika mbali. Kwa hiyo kila siku aliyotaka kuruka, mwenzake mmoja alikuja kontenani kabla ya saa nne kumwambia Ruthu, na Ruthu alimwambia kila rubani wa kampuni anayepita upande ule. Ludovick ndiye aliyepita zaidi, maana njia ya Kibaya inakatisha juu ya Hombolo.

Ilichukua siku chache tu Henry naye kuingizwa kwenye utani. Ludovick alimwita mume mpya wa Ruthu. Wiki ya pili aliita redioni kwa sauti ya kutetemeka: "Ruthu! Ruthu, nimemgonga Mzungu wako! Anaanguka!" Ruthu aliangusha kikombe, chai ikamwagika kitabuni. Halafu akasikia kicheko. Joha alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ruthu mwenyewe alicheka, akamwambia Ludovick akishuka atakuta mkanda unamsubiri.

Alhamisi ya tarehe ishirini, mwezi wa kumi, mwenzake Henry alikuja saa tatu na nusu, akasema wataruka. Ruthu aliandika. Saa saba kasoro robo, Ludovick aliondoka Kibaya na wanunuzi wawili wa mahindi. Saa saba na dakika kumi aliita.

"We ombaomba, upo?"

"Nipo, mla mbwa. Uko wapi?"

"Juu ya kichwa cha shangazi yako. Mwambie atandike kanga nimrushie senti."

"Angalia mbele yako. Mume wangu amepanda, yuko juu ya Hombolo anazunguka na tai. Usije ukamtafuna ukadhani ni mbwa mwenye mabawa."

Ludovick alicheka. "Mwambie anipishe, mimi ndiye mwenye injini."

Ruthu naye alicheka. Alikuwa ameshika kalamu, ameshavuta pumzi ya kulisema tena kwa lugha ya kazi. Wakati huohuo mteja aligonga dirishani akitaka kujua kama mzigo wake wa madawa umefika, na Joha akamuuliza Ruthu karatasi ya mzigo iko wapi. Ruthu aliinama kwenye droo. Karatasi ilikuwa chini ya karatasi nyingine. Alipoinuka, kalamu ilikuwa imevingirika sakafuni, na redio ilikuwa inaita.

"Ruthu! Ruthu, nimemgonga!"

Alibonyeza kitufe akitabasamu bado. "Mle basi. Na mifupa usiache."

Redio ilikwaruza. Halafu sauti ikaja, na safari hii Ruthu alisikia pumzi, akaijua. Haikuwa pumzi ya mtu anayecheka.

"Ruthu, bawa lake limekatika. Ameanguka. Na mimi ndege inavuta kushoto. Mungu wangu. Niongeleshe."

Alimwongelesha. Kwa dakika kumi na moja alimsemesha kama mama anayemtoa mtoto kwenye maji, akimwambia upepo, akimwambia kiwanja kiko wazi, ng'ombe wametolewa, watu wote wamesimama pembeni, aje tu. Ludovick alishuka na ncha ya bawa imepinda na gurudumu moja limepasuka. Wanunuzi wa mahindi walitoka wakipiga magoti. Henry alikutwa kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, bado amefungwa mkanda. Daktari alisema alikufa papo hapo, na kwamba hakuna dakika ambayo ingemsaidia. Ruthu alimwomba daktari aseme hivyo mara ya pili.

Kampuni ilisimamishwa. Tume ya watu watatu ikaundwa kuchunguza ajali. Siku mbili kabla haijakaa, Ludovick alikuja Nzuguni mchana, akakuta Ruthu anachambua mboga. Hakutukana. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akatazama mikono yake.

"Tutasema vyote," alisema. "Nimefikiri. Wewe useme ulivyonionya, kwa maneno yaleyale. Mimi nitasema nilisikia, nikachukulia utani, nikaacha kutazama. Na ule upuuzi wangu wa wiki ya pili nitausema. Ndio uliofanya unijibu vile."

"Nikisema nilikujibu 'mle basi', Ludovick, wataniona mtu gani?"

"Watakuona mtu anayesema kweli. Tukificha kidogo, wataona tumeficha vyote. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Leseni yako?"

"Wataifungia mwaka. Mwaka si kitu. Yule mtu amekufa, Ruthu."

Alipoondoka, Ruthu alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Jambo lililokuwa linamtafuna halikuwa kazi tena. Kazi alishaipoteza mara moja, akaishi. Lakini kule Hombolo watu walikuwa wameanza kusema kwamba binti Mazengo aliuacha mdomo wake kimya mtu akafa. Jina hilo lingekuwa la Debora pia. Aliitaka tume iandike kwamba alisema. Hata kama alisema vibaya, iandikwe kwamba alisema.

Tume ilikaa katika ukumbi mdogo wa mikutano mtaa wa Area D. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole kutoka Dar es Salaam. Kulia kwake fundi wa ndege, kushoto Mwingereza aliyewakilisha wenzake Henry, na mkalimani wake. Ruthu aliitwa wa kwanza. Aliulizwa kama alimwonya rubani.

"Nilimwonya."

"Mbona kitabuni hamna?"

"Nilimwonya kwa utani. Onyo la lugha ya kazi sikuwahi kulisema."

"Kwa maneno gani?"

Akayasema. Yote, na mbwa wake na mabawa yake. Mkalimani alisita, akainama, akanong'ona kwa muda mrefu. Mwingereza aliandika bila kuinua uso. Mwenyekiti alijikuna shavu. Yeye alielewa, na Ruthu aliona kwamba ameelewa. Halafu, bila kuulizwa, Ruthu akasema na lile jibu alilompa Ludovick alipoita. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Alisema, "Nalisema kwa sababu lilitokea." Akaambiwa anaweza kukaa nyuma.

Joha alifuata. Aliapa kwa msahafu, akaulizwa kama alisikia onyo lolote.

"Sikuwemo ndani, mheshimiwa. Nilikuwa nimetoka kununua maandazi."

Ruthu alimtazama. Joha alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya mtandio wake, kama mtu anayetafuta fundo alilofunga mwenyewe.

Ludovick aliingia amevaa sare, imepigwa pasi. Abbasi alikuwa amekaa mstari wa mbele na mtu wa bima. Mwenyekiti alimsomea Ludovick maelezo ya Ruthu, neno kwa neno, akamuuliza kama aliyasikia maneno hayo.

"Hapana, mheshimiwa."

"Hukusikia, au hukuyaelewa?"

"Hayakusemwa. Sikupewa taarifa yoyote kuhusu ndege ile."

Mwenyekiti alivua miwani. "Shahidi anasema ninyi ni watani. Nami nimezaliwa na watu wenye watani, najua mambo hayo. Kuna utani kati yako na yeye?"

Ludovick hakugeuka nyuma. Ruthu aliona shingo yake, na mahali kinyozi alipomkata vibaya chini ya sikio.

"Hakuna," alisema. "Hatuna utani. Ni mfanyakazi mwenzangu tu."

Waliokuwepo wanasema Ruthu hakulia wala hakunyanyuka. Aliinamisha kichwa pembeni kidogo, kama alivyofanya redio ilipokwaruza, akijaribu kusikia pumzi iliyokuwa nyuma ya maneno. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akinakili maelezo ya tume aliniambia kwamba kwa muda mrefu Ruthu alibaki katika hali hiyo, na kwamba yeye mwandishi alishindwa kumtazama.

Nje, Joha alimkimbilia getini. "Mama Debora. Mama Debora, nina watoto wanne."

"Najua, Joha. Nawajua majina."

Ripoti ilitoka mwezi wa pili. Ilisema mhudumu wa redio hakufikisha taarifa ya glaida kwa rubani, na kwamba alikosa umakini hata baada ya rubani kuomba msaada. Sentensi ya kwanza ilikuwa uongo na ya pili ilikuwa kweli, na ya pili ilikuwa imetoka mdomoni mwake mwenyewe. Bima ililipa. Kampuni ikaruka tena. Ruthu aliuza bati za chumba chake, akarudi Hombolo kwa kaka yake, Abeli, mwenye shamba la zabibu karibu na bwawa. Alijifunza kukata matawi, kufunga mashina, kufukuza ndege alfajiri. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa wa kwanza kumfikia Henry, hakuitikia salamu yake kwa miaka miwili.

Ludovick alikuja mwaka wa tisini na saba, mavuno ya zabibu yakiwa yanakaribia. Wakati huo alikuwa anarusha ndege kubwa zaidi za kampuni nyingine. Aliegesha gari barabarani, akapita kati ya mistari ya mizabibu amebeba gunia la viazi vya Iringa begani, na akiwa bado mbali akapaza sauti.

"Hodi, ombaomba! Bado hamjafa na njaa humu?"

Watoto wa Abeli waliokuwa uani walianza kucheka kabla hawajajua ni nani. Sauti ya mtani inajulikana. Wakamgeukia shangazi yao, wakisubiri amvurumishie matusi.

Ruthu alinawa mikono. Akajifuta kwa kanga. Akatoka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Kapteni. Karibu."

Katika miaka yote hakuwahi kumpa shikamoo, ingawa Ludovick alimzidi miaka tisa. Watani hawapeani. Gunia lilishuka begani polepole.

"Ruthu."

"Watoto, leteni kiti cha mgeni."

Walileta kiti. Ruthu akaleta maji ya kunywa, bilauri imefunikwa kisosi, juu ya sinia lililotandikwa kitambaa, kama anavyoletewa mchungaji au mkwe. Ludovick alilitazama lile sinia kama kitu kilichovunjika.

"Usinifanyie hivi," alisema. "Nitukane. Niambie lolote. Nimetoka Dar es Salaam usiku nije nitukanwe na wewe."

"Siwezi kumtukana mgeni, Kapteni."

"Abbasi aliniambia bima haitalipa. Aliniambia nitafungwa, si leseni tu. Nilikuwa na siku moja ya kufikiri."

"Nami nilikuwa na siku moja." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Debora alikataliwa uchumba Machi. Mama wa yule kijana alisema mwanawe hawezi kuoa nyumba ya mtu aliyenyamaza mwenzake akafa."

Ludovick alifunika uso kwa viganja.

"Ile tume ilivunjwa," Ruthu akaendelea, "lakini yule mwenyekiti bado yupo. Nimeulizia. Barua yako moja inatosha, yenye sahihi, kwamba nilisema na ukasikia. Sitaki kazi. Sitaki malipo. Karatasi ipo ndani, kalamu ipo."

Ludovick aliondoa viganja usoni, akatazama mizabibu, na Ruthu, aliyewajua watu kwa pumzi, alisikia jibu kabla halijasemwa.

"Nimebakiza miaka minne nistaafu," alisema. "Nikiandika hiyo barua, sirushi tena hata tiara."

"Ndiyo, Kapteni."

"Mimi ni mtani wako, Ruthu. Lile neno la ukumbini nalifuta hapa, mbele ya watoto hawa. Nalifuta."

"Kunywa maji, Kapteni. Jua ni kali."

Hakunywa. Ruthu alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, mikono juu ya magoti, akamuuliza habari za mkewe, na za Iringa, na kama barabara ya Mtera imetengenezwa. Aliuliza moja moja, kwa adabu, akisubiri jibu la kila swali. Ludovick alijibu. Kila alipomaliza kujibu alimtazama mdomoni, akingoja. Kivuli cha nyumba kilitembea uani, kikapita kwenye gunia la viazi, kikafika miguuni pake, na bado alikuwa amekaa pale, mtu mzima mwenye mvi, akisubiri atukanwe.